Shamba Lililofagiwa

Bunda, 27 Machi 2024

Dada Benedikta,

Kabla hujauliza kwa nini nakuandikia kama mtu aliye jela, nikujibu: simu yangu imezama. Haikuibiwa wala haikuharibika, imezama, shambani kwangu mwenyewe, katikati ya mahindi, nilipoinama kuyapiga picha. Nimeipapasa kwenye tope mpaka nikamshika chura, tukaangaliana, kila mtu akaenda zake. Kwa hiyo barua hii anakuletea Lukas wa gari la dagaa, na majibu umpe yeye yeye.

Sisi wazima. Nyamburi anakusalimu wifi yake, mguu wake umepona. Goti langu linanitabiria mvua ikiwa imeshafika, yaani nalo limezeeka kama mwenye nalo, linatoa habari za jana. Shangazi Wegesa, akiwa huko Butiama, alipiga simu kwa jirani yangu Kulwa, anauliza kama bado unakosa Misa kwa ajili ya dagaa. Nilimwambia swali hilo liende kwa dagaa.

Sasa jambo lenyewe. Unalikumbuka shamba la chini, lile la udongo mweusi, ambalo ulisema linafaa mpunga au viboko. Nimelipanda mahindi. Lote. Usisome kwa sauti hiyo, nakusikia mpaka huku. Yalitoka vizuri, yakafika magotini, watu wakitoka kanisani wakawa wanasimama kuangalia, na mimi nikawa napita-pita kama mtu asiyejua anaangaliwa. Halafu mvua ikaja ikakaa. Udongo ule ukishakunywa hautemi. Maji yamesimama kati ya mistari, na mahindi yanageuka njano kuanzia majani ya chini, mashina yameiva rangi ya zambarau. Ajabu ni kwamba yamesimama majini lakini yananyauka kama yana kiu. Bwana shamba alikuja, akang'oa mche mmoja, akaninusisha mizizi. Ya kahawia, laini, inanuka kama maji unayooshea dagaa. Anasema mizizi nayo inapumua, na ikizibwa na maji inakosa hewa, haiwezi kuvuta chakula hata kikiwa kimelala pale pale. Nikamwambia nilidhani mahindi yako kama mimi, nakulaga hata pumzi ikiwa hakuna.

Kikundi chetu kina bima ya mazao. Watamtuma mkaguzi aje apime hasara. Akiandika hasara ni kubwa, tunapata fidia na tutakula mpaka mvua za vuli. Akiandika ni ndogo, Dada, sina jingine la kufanya ila kuuza maksai wetu, Diwani na Padri.

Nimeliandika haraka ili lisiniume. Wewe lisome haraka hivyo hivyo.

Mdogo wako,
Baltazari


Nyasho, Musoma, 11 Aprili 2024

Baltazari,

Nimelisoma polepole. Nikalirudia.

Kwanza salamu, maana mama alitulea. Mimi mzima, mwanangu Hana mzima, paa linavuja upande wa jikoni tu. Mvua imenitia umaskini. Pale Mwigobero dagaa wanashushwa wazima wanang'aa, ukiwaanika mchangani asubuhi, mchana wanaogelea, jioni wanatembea wenyewe kwa funza. Jirani yangu Yunis amejenga chanja, anawaanika juu ya wavu kama nguo za ndani, halafu anatupitia na kutuambia tubadilike. Dagaa aliyekauka angani si dagaa. Dagaa ni mchangani. Afadhali waoze kwa heshima.

Sasa wewe. Nikukumbushe, kwa sababu tangu simu izame naona na akili imefuata. Ng'ombe waliotoka Butiama walikuja kunioa mimi. Mimi ndiye niliyefungasha nguo nikaenda kukaa kwa watu Mwitongo, huko huko Butiama, nikapikia mama mkwe aliyekuwa anaonja mboga yangu kwa ncha ya ulimi kama anaonja dawa. Ng'ombe wale ukawachukua wewe, ukamwoa Nyamburi. Diwani na Padri ni uzao wa wale waliobaki. Kwa hiyo unaposema unauza maksai, unauza ndoa yangu, na ya kwako imo humo humo. Hujaniomba, na ukiniomba, jibu ni hapana. Marehemu mume wangu angekuwepo angekujibu kwa upole. Bahati mbaya nimebaki mimi.

Hawauzwi. Kwa hiyo huyo mkaguzi lazima aone hasara, na hasara unayo, hata kudanganya huna haja. Nisikilize vizuri, maana nakujua. Usiguse kitu. Mche uliokufa uache umekufa pale pale. Wa njano uache na njano yake. Mpeleke mpaka katikati ya shamba, siyo kwenye ukingo wa juu kule kwenye kichuguu ambako mahindi yako yanajifanya hayajui kilichotokea chini. Mng'olee mche anuse mizizi kama ulivyonusa wewe. Na usimfanyie ule ukarimu wako. Mtu akija kwako kuuliza njia, anaondoka na kuku.

Nakujua, Baltazari. Usiguse kitu.

Dada yako,
Benedikta


Bunda, 19 Mei 2024

Dada mpendwa,

Salamu nyingi kama mvua, ila zenyewe zinakauka. Hatujambo. Hata Diwani hajambo, bado ana tabia yake ya kuguruma sana na kuvuta kidogo, mzigo wote ni wa Padri. Maji yamepungua shambani, tope linashika buti kama mkwe anayedai. Shangazi Wegesa amepata nafuu ya kifua na ameanza tena kugombana na watu, kwa hiyo hali ni nzuri.

Mkaguzi alikuja. Anaitwa Elias, kijana mzuri, ana viatu vyeupe. Viatu vyeupe, Dada, kwenye mbuga nyeusi, mwezi wa tano. Alifika ukingo wa juu, akaangalia tope, tope likamwangalia, wakaelewana. Akasimama pale kwenye kichuguu akahesabu miche ya mistari ya karibu, akapiga picha, akauliza maswali mawili matatu. Tukakaa nyumbani, akala kidogo, tukazungumza mambo ya mpira, akaondoka.

Majibu yamefika kwa mwenyekiti wa kikundi. Ameandika kwamba hasara ni ndogo. Ameandika pia kwamba miche inayoonekana ina afya nzuri, na kwamba mkulima alipanda kwa nafasi kubwa mno kupita kiasi. Mimi! Nafasi kubwa! Mimi ninayebananisha mahindi mpaka yanaombana radhi!

Vijana wa siku hizi hawana macho. Ndiyo hali ilivyo, nami sioni la kufanya. Kuna mnunuzi wa ng'ombe alipita juzi, akamsifia Padri. Nilimwambia siuzi. Nilisema kwa sauti ndogo lakini nilisema.

Tulisafisha kidogo tu kabla hajafika, kawaida ya watu.

Mdogo wako,
Baltazari

Wifi, mimi Nyamburi. Kaenda kutafuta bahasha, naandika upesi. “Kidogo” anayosema ni hivi: siku ile kabla ya mgeni aliamka akang'oa kila mche uliokufa na kila wa njano, shamba la chini lote, akairundika nyuma ya zizi Diwani akala. Nilimwambia, mume wangu, huo ndio ushahidi. Akasema, “Mgeni hawezi kukaribishwa kwenye shamba chafu, watu watasema nini?” Akalifagia, wifi. Kwa ufagio kabisa, ile njia ya kuingilia. Ikabaki miche ya kijani imesimama mbali mbali kama watu waliogombana. Halafu akaenda kwa Kulwa, ambaye shamba lake liko mlimani na alipanda mapema, akarudi na mahindi mabichi manene. Tukayachoma. Yule kijana akayasifia, akauliza, “Mzee, haya ni ya shamba hili?” Ndugu yako akacheka kile kicheko chake akasema, “Ndiyo, ya hapa hapa, yale yaliyotangulia.” Nilitamani ardhi initwae na sufuria mkononi. Anarudi


Nyasho, 4 Juni 2024

Baltazari,

Hatujambo. Salamu ziishie hapo.

Ulilifagia shamba.

Nimekaa na sentensi hiyo kutwa nzima. Nimemsomea Hana, akacheka mpaka akashika mlango. Nimemsomea Yunis, ambaye sisemi naye, nikasema naye kwa ajili hiyo tu. Kila siku Mwigobero nakutana na watu wanaotaka hasara zao zionekane kubwa kuliko zilivyo. Boti ikipoteza nanga, mwenyewe anasema amepoteza boti. Wewe ni mtu wa kwanza nimjuaye aliyepata hasara ya kweli akaificha ili mpima hasara asione. Na mgeni akala mahindi ya Kulwa akayaandikia ripoti! Kama bima ingemlipa Kulwa kwa utamu wa mahindi yake, hapo ningeelewa.

Na usimseme kijana wa watu na viatu vyake. Viatu ni kosa lake. Ufagio ni wa kwako.

Sasa sikiliza. Hana amesoma karatasi ya masharti ya bima ambayo nyinyi wanakikundi mlisaini bila kusoma kwa sababu soda zilikuwa zinapata joto. Mkulima asiporidhika anaweza kuomba apimiwe tena wakati wa mavuno. Sharti ni kwamba aache mistari bila kuvuna, ya katikati ya shamba, waje wavune wenyewe wapime. Nenda kwa mwenyekiti wa kikundi leo. Siyo kesho. Halafu acha mistari hiyo isimame hapo hapo ilipo, iwe mibaya hivyo hivyo, watu wa kanisani waione kila Jumapili na wewe upite nao ukiinamisha kichwa. Ndiyo adhabu yako, na naona ni ndogo.

Huyo mnunuzi akirudi, mwambie mwenye ng'ombe yuko Musoma na ana mdomo.

Nyamburi, najua unasoma. Ufagio uufiche. Na mgeni akija mara ya pili, fanya kama tulivyozungumza kwenye simu ya Kulwa.

Benedikta


Bunda, 28 Julai 2024

Dada yangu,

Salamu. Nimekonda, lakini tumbo halijapata taarifa. Nyamburi ananiangaliaga siku hizi kama mtu anayesoma gazeti la zamani na bado anacheka. Kumbe mnazungumza nyuma yangu kwa simu ya Kulwa! Kila mtu ana njama isipokuwa mahindi.

Nimeacha mistari. Dada, ulijua unachofanya. Jumapili zote hizi nimekaa kanisani nikijua tukitoka tutapita pale. Mzee Burito, ambaye kwake mihogo tu ndiyo huota, alisimama akatikisa kichwa kwa huruma. Huruma ya Burito! Afadhali ningepigwa.

Elias amekuja tena jana. Safari hii ana buti za mpira. Nyamburi akamkaribisha vizuri, akampa maji akanawa mikono, akaweka mezani sinia lililofunikwa kwa kawa. Kijana akasogeza kiti, mate yamemjaa, anakumbuka ya Mei. Mimi nilikuwa sijui kilichomo, nikadhani ni kuku. Kulwa naye alikuwepo, amekuja kukopa shoka, eti.

Elias akafunua kawa.

Dada, ilikuwa magunzi. Mahindi makavu ya katikati ya shamba letu, yamelazwa juu ya sinia kama samaki. Punje hapa moja, pale moja, mengine mwanzo mpaka mwisho pengo tupu. Hindi moja limejikunja kama kidole cha mgonjwa. Nilitaka kufunika tena. Nyamburi akanishika mkono chini ya meza, na ule mguu wake uliopona akauweka juu ya wa kwangu.

Elias akasema, “Mama, hiki ni nini?”

“Chakula cha mgeni,” akasema Nyamburi. “Shamba ndilo limetupa hicho.”

“Na yale mliyonipa mara ile?”

Kulwa akakohoa. Anajuaga kukohoa, Kulwa.

“Yalikuwa ya kwake,” nikasema, nikamwonyesha Kulwa.

“Mzee, sasa kwa nini hukusema? Mimi nimeandika ripoti nzima nikiwa na ladha ya mahindi ya mtu mwingine!”

“Ulikuwa mgeni wangu.”

“Sikuwa mgeni, nilikuwa mkaguzi.”

“Ulikula kwangu,” nikamwambia. “Aliyekula kwangu ni mgeni.”

Akafunika sinia, akachukua kalamu yake.

Tukashuka shambani. Buti zikazama, akazivuta, akaendelea mpaka katikati. Nikamwonyesha nyuma ya zizi pale nilipoirundika ile miche niliyong'oa, yaani sehemu ambayo Diwani hakuimaliza. Akachokoa kwa kalamu akaona mizizi ilivyooza. Akanieleza kwa nini magunzi yana mapengo: mahindi yaliyodumazwa na maji, maua yake ya juu yalimwaga vumbi mapema, na zile nywele za chini zikachelewa kutoka, zikafika kama mtu anayefika harusini wakati viti vinakusanywa. Hakuna punje bila vumbi lile. Nikamwambia kwa hiyo hata yale ya kijani aliyoyasifia Mei yalikuwa yanadanganya. Akasema, “Yalikuwa na mwalimu mzuri.” Kijana ana mdomo, nimempenda.

Yeye na mwenyekiti wa kikundi wakavuna ile mistari, wakapukuchua, wakapima. Mzani ulikuwa kama haujawekewa kitu. Mwenyekiti amenong'ona kwamba fidia itatoka, ila si yote, kwa sababu ile ripoti ya Mei nayo ni ya ofisi, na ofisi haiwezi kusema ilikosea yote. Imekubali kukosea nusu. Nimeikubali. Mimi mwenyewe nikikosea huwa nakubali robo.

Tutakula. Diwani na Padri wanabaki. Nimewaambia ni salamu zako, Padri akaendelea kutafuna.

Na Dada, usidhani nimesahau. Kila mwaka gunia la kwanza ni la kwako, na mwaka huu pia Lukas atakushushia.

Mdogo wako,
Baltazari


Nyasho, 1 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Kwetu wote wazima. Paa limezibwa. Shangazi Wegesa alikuja kutoka Mwitongo akalala hapa, akasema chai yangu ni nyepesi, akanywa birika zima. Nimefurahi kuhusu ng'ombe, kuliko nitakavyoandika, kwa hiyo siandiki. Kuna siku nitakuja nimshike Padri pembe.

Gunia nimelipokea. Ni zuri sana. Nililifungua mbele ya majirani, nikawagawia bakuli bakuli, nikasema, oneni, huyu ndiye mdogo wangu, mafuriko yalimkuta na bado. Nilisema hivyo kwa sauti, Baltazari, nje, watu wakiwa wamesimama. Walipoondoka nikakaa na kuyaangalia. Punje nene, zinafanana kama watoto wa baba mmoja. Hakuna hindi la udongo mweusi ulioloa linaloweza kuzaa punje vile. Mwambie Kulwa ahsante.

Nilijiuliza umempa nini, maana Kulwa hatoagi kitu bure, hata kikohozi chake kina bei. Nikamwuliza Lukas. Akasema, “Mama Hana, mimi dereva tu, ila nikipita barabarani nimeona maksai wawili mlimani kwa Kulwa, mmoja anaguruma na mwingine anavuta.”

Kwa hiyo hesabu yangu ni hii. Niliolewa Mwitongo, nikaonjewa mboga kwa ncha ya ulimi, nikapigana kwa barua tangu Aprili ng'ombe zangu wasiuzwe, kusudi wakalime mlima wa Kulwa, kusudi mimi niletewe uongo ndani ya gunia. Na huo uongo nimeugawa mtaa mzima kwa mikono yangu.

Ungeniletea magunzi. Ningeyapika. Ningewagawia majirani mapengo na wangekula, na atakayecheka ningemjua. Mimi si mkaguzi wala mgeni. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni kuvuka mto ukilia kwamba kiatu chako kimeloa.

Haya. Hasira zimeisha, naona karatasi nayo inaisha. Lukas anakuletea debe la dagaa. Mvua imekata, jua limerudi, nimewaanika mwenyewe, mchangani, kama mama alivyotufundisha. Mle na Nyamburi, na Kulwa msimpe.

Dada yako,
Benedikta


Bunda, 15 Septemba 2024

Dada,

Sisi wazima, na ufagio sijaonyeshwa ulipo mpaka leo. Shamba la chini naliandaa kwa mpunga, unaweza kulisoma hilo kwa sauti unayotaka. Magunzi yako yamo kwenye mfuko mdogo aliobeba Lukas. Nyamburi amesema nikiyachambua anarudi kwao, kwa hiyo sijachambua.

Dagaa tumepika jana. Watamu kweli. Nyamburi aliwapepeta mara mbili, akaangalia chini ya ungo, akaniita nikaangalia na mimi. Miaka yote tunakula dagaa zako tunatafunaga na ufukwe wa Mwigobero humo humo. Safari hii hatukukuta hata chembe moja ya mchanga.

Msalimie Yunis, mwambie tumeshukuru.

Baltazari